Mtungi Usio na Pengo

Mtungi ulirudi mzima, na hilo ndilo lililomuudhi mwalimu wa historia.

Alikuwa ameuvunja mwenyewe Jumapili, uani kwake, kwa nyundo, juu ya gunia. Aliyewahi kuvunja chombo cha udongo anajua kwamba hakivunjiki kwa mpango: vipande vikubwa hubaki karibu, vidogo hurukia vinakokujua vyenyewe, vingine huwa unga. Juu ya hayo, kigae kimoja alikitoa makusudi na kukifungia kwenye droo chumbani kwake; vilivyobaki alivifukia kwenye sanduku la mchanga darasani, wanafunzi wavichimbe na kuviunga. Kile kimoja alitaka wakikose. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa roho ya somo: watu wa kale waliokaa kando ya Bahari ya Mediterania, Wagiriki, Warumi, Wafoinike, hawakutuachia habari kamili. Walituachia vigae, na kati ya kigae na kigae, pengo.

Sasa mtungi ulikuwa mezani, gundi bado mbichi, hauna hata tundu la sindano.

"Kipande cha hapa mmekitoa wapi?" aliuliza, kidole kikiwa shingoni mwa mtungi.

"Mchangani, Mwalimu."

"Mchangani hakikuwepo."

"Mheshimiwa Mwalimu," alisema msichana aliyeitwa Wakili, kwa kuwa hapakuwa na kesi darasani asiyoitetea, "wateja wangu wamechimba kwa mswaki kama ulivyofundisha. Kama kuna kosa, ushtakiwe mchanga."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Miaka miwili alikuwa ameyapigania masanduku yale manne ya mchanga. Alimbembeleza fundi seremala wa shule ayatengeneze kwa mbao za madawati mabovu. Mchanga aliubeba mwenyewe kwa ndoo. Akapitisha kamba juu yake kugawa miraba, akakusanya miswaki iliyochakaa ya mtaa mzima, akafukia vyombo kwa matabaka, ili watoto waujue mji wa kale kwa vidole badala ya kuukariri. Alichovuna ni wanafunzi wanaochimba kama wanatafuta viazi, daftari la chimbo lisiloandikwa kina wala mraba, jina la utani la Mama Vigae, na Mkuu wa shule aliyesimama mlangoni kila wiki akikung'uta viatu: "Wenzako wanamaliza silabasi, Mwalimu. Wewe unamaliza mchanga."

Shingoni mwa mtungi alikuwa ameandika kwa rangi nyeusi, akiiga watu wa kale waliopenda kuvipa vyombo maneno: MGENI, CHAKULA KIPO, KARIBU UKAE. Neno la pili ndilo lililolala kwenye droo. Wanafunzi walitakiwa kuliona pengo, kisha kupima ni nini kingeweza kukaa pale. Si maji, si moto, maana "kipo" isingekubali. Chakula, kikombe, kitanda, chumba. Hapo wangebishana mpaka kengele. Alikuwa ameliandaa somo hilo wiki nzima, na sasa halikuwa na pa kuanzia.

"Haya, someni basi," alisema kwa kuchoka.

Aliyekuwa karibu na mtungi ni Nukta. Alikuwa binti wa mdogo wake mwalimu, naye aliishi kwake tangu mama yake apate kazi mji mwingine. Shuleni alimwita Mwalimu, nyumbani Mama Mkubwa. Wenzake walimwita Nukta kwa sababu kila alichosema kiliisha mapema. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuwahi kunyoosha mkono darasani.

Aliuzungusha mtungi, akasoma: "Mgeni, kiti kipo, karibu ukae."

"Kiti?"

Mwalimu aliinama. Mwandiko ulikuwa wake. Ile K yenye mguu mrefu, ambayo hata mwalimu wake wa darasa la kwanza alishindwa kuinyoosha, ilikuwa pale. Lakini neno hilo hakuliandika. Harufu ya udongo uliotoka kunyeshewa ilipita chumbani, ilhali nje jua lilikuwa kali na wiki ya tatu hapakuwa na hata wingu. Nukta alirudi mahali pake, akaketi taratibu, akakunja uso kidogo, kama mtu aliyekalia kiti kilichoachwa na joto la mwingine.

Mwalimu alipofika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, alifungua droo. Kigae kilikuwepo. CHAKULA.

Kesho yake alifundisha juu ya nyumba za kale. Alichora chumba cha kulia ubaoni, akaweka taa ya mafuta katikati ya meza na mgeni kando yake.

"Si hapo."

Alidhani ni Wakili. Alipogeuka, mkono ulionyooka ulikuwa wa Nukta.

"Taa ikikaa katikati, moshi unamwingia mgeni machoni. Inawekwa kwenye shubaka la ukutani, kushoto kwake. Na mgeni hakai hapo ulipomchora. Hapo ni pa mtu wa kutumwa."

Sentensi nne. Darasa likapiga makofi. Wakili alisimama kabisa. "Mahakama imepata shahidi!" Mwalimu alitabasamu kwa kuwa kila mtu alitabasamu, ila alikuwa ameona jambo ambalo wengine hawakuliona. Nukta alizisema zote nne bila kuvuta pumzi, na alipomaliza hakuvuta pia.

Tangu siku hiyo hapakuwa na kipindi bila masahihisho. Ramani ilikosewa. Vazi lilikosewa. Kwenye jaribio la wiki, Nukta alikata swali la tatu kwa rula na kuandika chini yake: "Halikuwa hivyo." Mwongozo wa kusahihishia ulitaka sifuri. Mwalimu alikaa na kalamu nyekundu mkononi kwa muda mrefu, maana aliona haya kumpa sifuri mtu ambaye, kwa namna asiyoielewa, alikuwepo.

Alikwenda kwa Mkuu.

"Mkuu, yule mtoto hayuko sawa."

"Mtoto aliyekuwa kama bubu anaongea, halafu wewe unasema hayuko sawa?"

"Haongei yeye."

"Anaongea nani, mimi?" Mkuu alicheka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na paa linalovuja na walimu ishirini na sita wenye malalamiko, na hili halikufanana na malalamiko. "Sikiliza. Mkaguzi anakuja Jumatatu. Nimekwisha mwambia juu ya mtoto huyu. Akimsikia, masanduku yako yatakwenda shule zote. Si ndicho ulichotaka? Basi usimguse mpaka Jumatatu ipite."

Miaka miwili alikuwa ameyasubiri maneno hayo. Yalifika kama chakula kwa mtu mwenye homa.

Alimpigia simu mdogo wake.

"Jamani, Dada! Si wewe uliyekuwa unalalamika haongei? Sasa anaongea, unalalamika anaongea. Juzi kanipigia hadithi nusu saa. Nimelia kwa furaha."

"Alikuita nani?"

Mdogo wake aliacha kucheka.

"Vipi, aliniita kwa jina gani?"

"Ndiyo. Alikuita nini?"

"Mama wa kiti. 'Hujambo, mama wa kiti.' Nikajua ni utani wenu wa shule. Dada? Si utani?"

Nukta mwenyewe, yule wa zamani, alikuwa akirudi asubuhi tu, akishanawa uso. Siku za kwanza alirudi kwa karibu nusu saa, akanywa chai, akauliza leo siku gani. Mwalimu alianza kutazama saa. Dakika ishirini. Dakika nane.

"Uko wapi wakati ule mwingine?" alimuuliza, akinong'ona bila kujua kwa nini ananong'ona ndani ya nyumba yake.

"Nyuma yake."

"Nyuma ya nani?"

"Kama kwenye foleni, Mama Mkubwa. Naona mgongo. Hageuki." Alimeza mate. "Zamani nilikuwa nyuma yake tu, karibu. Sasa kuna watu katikati. Kila siku nasogezwa."

"Watu gani?"

"Waliokaliwa zamani," alisema Nukta, na macho yake yakatulia, na hakuwa yeye tena.

Siku ya tisa alirudi kwa muda wa kufunga kamba ya kiatu kimoja. Cha pili kilifungwa na mwingine, kwa fundo ambalo mwalimu hakupata kuliona maishani.

Alasiri ya siku hiyo, baada ya masomo, mwalimu alitoka uani kuanika nguo, jua likiwaka na redio ya jirani ikisoma matokeo ya mpira, na alipokuwa amebana shuka la pili akasikia kutoka chumba cha kulia sauti ya kigae kikisuguliwa juu ya kigae, taratibu, kama mtu anayetafuta upande unaolingana, akadhani Nukta ameutoa mtungi shuleni, akaingia ili amgombeze, lakini mezani hapakuwa na mtungi wala kigae, palikuwa na Nukta peke yake, mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka kama mgeni anayesubiri kuhudumiwa, na sauti ile ilikuwa inatoka kinywani mwake, meno juu ya meno, na nyuma yake ukutani, pale ambapo jua la dirishani lilipaswa kutupa kivuli cha kiti na cha mtoto, kivuli cha mtoto hakikuwepo, kilikuwepo cha kiti tu, chenye miguu minne, na juu yake kivuli cha mtu mzima aliyejiegemeza kwa raha, na chumba chote kilinuka moshi wa mafuta ya taa za kale na udongo mbichi, na mwalimu, aliyefundisha miaka kumi na mitano kwamba yaliyopita hayana sauti, alijikuta amesimama akiwa na kibanio cha nguo mkononi, akisema kwa adabu, kwa sababu hakupata neno lingine, "Hodi."

"Karibu," ilijibu sauti. "Ni kwako."

Hakusubiri Jumatatu.

Aliyemwelekeza ni fundi seremala. "Kiti cha huyo mtoto nimekikagua mara tatu, Mwalimu," alisema akitazama chini. "Msumari haujalegea, mbao nzima. Ila nikikigusa ni cha moto kama kimetoka kwenye tanuri. Mimi hapo kazi yangu imeisha. Nina shemeji yangu anashona mapazia. Ana kazi nyingine pia, ila haitangazi."

Mshonaji alikuja shuleni Jumamosi saa nne, wakati madarasa yalikuwa matupu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na futi ya kupimia ilikuwa bado shingoni. Nukta alikuwa ameketi mahali pake, akitazama ubao. Mshonaji hakumsalimu. Aliuchukua mtungi, akausoma kwa macho tu, midomo ameifumba.

"Nani ameandika?"

"Mimi. Lakini si neno la pili." Mwalimu alimweleza kuhusu kigae, droo, pengo, "kipo". Alipokuwa akieleza aliona jinsi maneno yake yalivyosikika ya kipuuzi.

Mshonaji aliketi kwenye ukingo wa sanduku la mchanga, akaguna.

"Yaani ulimwandikia mgeni karibu, halafu ukamwachia nafasi ajaze mwenyewe anachokitaka. Mwalimu, hata mimi nisingejaza chakula."

"Lilikuwa somo la sarufi na historia."

"Sarufi unaijua. Kiti unakijua?" Alishusha sauti. "Kwa watu wa kazi yangu kiti si mbao. Kiti ni mtu anayekaliwa na jini. Huyu mtoto amesema kwa kinywa chake kwamba kiti kipo. Aliyeitwa akamtazama aliyesema."

"Basi mfukuze."

"Jini aliyevamia hufukuzwa. Huyu amekaribishwa, tena kwa maandishi. Nikimfukuza, ataondoka na alichokalia." Alimtazama Nukta kwa upande. "Mwenye nyumba ndiye anayemwonyesha mgeni pa kukaa. Wewe hukuonyesha, akajichagulia. Mwonyeshe. Mwambie kiti chake ni huu mtungi. Akikubali, tunaufukia humu humu mchangani, na usichimbe tena."

Mwalimu alijaribu kwanza njia yake. Alitoa mfukoni kile kigae cha kwenye droo, akakiweka shingoni mwa mtungi. Hakikuwa na pa kuingia. Alikisukuma, akakigeuza, akakisukuma tena, mpaka kikamkata kidole, na mshonaji akamshika mkono. "Acha. Huwezi kumsahihisha."

Basi alisimama mbele ya Nukta, mtungi mikononi.

"Mgeni," alisema, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. "Kiti chako ni hiki."

Nukta aliutazama. "Hicho ni chombo."

Aliweka mtungi chini, akavuta kiti kitupu cha jirani. "Basi hiki."

"Hiyo ni mbao."

"Ondoka basi! Ulikuwa mchezo! Hakuna aliyekuita, lilikuwa somo!"

Harufu ya udongo mbichi ikapanda mpaka macho yakawasha. Kisha ile sauti isiyo na pumzi ikasema, bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi: "Mlijenga nyumba. Mlifukia vikombe, mkafukia taa, kila kimoja mahali pake, kwa mkono wenye subira. Nilikuwa natazama. Nikasema, huyu anajua, huyu hachezi. Kisha ukaandika karibu. Unajua ni muda gani hakuna aliyeniandikia? Nami nimekuja, nimekaa, nimefundisha watoto wako kilicho kweli. Sasa unaniambia ulikuwa mchezo."

Mwalimu alijifuta damu kidoleni. Aliyajua maneno hayo. Alikuwa ameyasema yeye, miaka miwili, kwenye ofisi ya Mkuu, kwa maneno mengine. Hakuwahi kufikiri kwamba kiumbe wa namna ile angeweza kuchoshwa na jambo lile lile linalomchosha yeye, na kwa muda mfupi, jambo aliloliogopa baadaye kuliko yote, alimwonea huruma.

Ndipo kutoka mbali sana, kama kutoka mwisho wa foleni inayozunguka kona, kinywa cha Nukta kilitoa sauti nyembamba: "Mama Mkubwa, sioni hata mgongo sasa."

Mwalimu alipiga magoti mbele ya dawati. Alimshika mtoto mashavu. Yalikuwa baridi kama kigae.

"Mgeni," alisema. "Kiti kipo."

"Mwalimu," mshonaji alisema haraka, akinyanyuka, "mwalimu, usi..."

"Kiti ni mimi. Karibu ukae."

Mshonaji aliziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe, kama aliyeyasema ni yeye.

Miguu ya kiti cha Nukta ilikwaruza sakafu, ingawa hakuna aliyeisukuma. Mtoto alivuta pumzi ndefu, yenye mlio, pumzi ya mtu aliyetolewa majini, kisha akamwangukia mwalimu begani akilia na kuongea kwa pamoja, maneno mengi, yake mwenyewe, hayakuwa na nukta: kwamba kulikuwa na baridi, kwamba mwanamke mmoja kwenye foleni alimpa nafasi yake, kwamba ana njaa, kwamba anataka mama. Mwalimu alimpapasa mgongoni. "Pole, mwanangu. Pole. Yamekwisha." Hakusikia chochote ndani yake. Moyo wake ulidunda kama kawaida. Alitaka hata kucheka.

Mshonaji alikuwa anakunja futi yake. Alipopewa mkono wa kuaga, aliutazama bila kuupokea.

"Mtoto amepona," alisema. "Mwalimu, mahali pengine sina uzi wa kushonea. Nisamehe."

Jumatatu mkaguzi alikaa nyuma ya darasa na daftari lake. Nukta hakuwa na la kusema juu ya Wagiriki. Aliulizwa swali moja, akajibu kwa maneno matatu, akakosea mawili. Mkuu alishika kichwa. Lakini mwalimu alifundisha. Alifunga kitabu, akaenda kwenye sanduku la mchanga, akasimulia nyumba ile ya kale chumba kwa chumba, ni mlango upi uliolia, ni nani aliyelala karibu na moto na alikohoa namna gani, na hata Wakili alisahau kutetea. Kengele ililia bila mtu kusogea. Mkaguzi aliandika ukurasa mzima, akamwambia Mkuu mlangoni kwamba katika kazi yake yote hajaona mwalimu anayefundisha kana kwamba alikuwepo. Masanduku yatakwenda shule zote.

Mkuu alikuwa akikimbia kumtafuta mwalimu ampe habari. Nukta alimtangulia. Mlango wa ofisi ya walimu ulikuwa wazi nusu. Mwalimu alikuwa ameketi peke yake, ameupa mlango mgongo, mikono juu ya magoti.

Mtoto aliutazama mgongo ule. Alisubiri ugeuke. Haukugeuka.

"Mama Mkubwa," aliita taratibu. "Upo?"

Watu hujibu swali hilo kwa namna mbili, kwa umoja au kwa wingi, kila siku, sokoni na njiani, na hakuna anayepima ni jibu lipi alilopewa.

"Tupo," alisema mwalimu.